Kosa la Wazazi na Haki ya Mtoto

Katika matusi yote yasikikayo viwanjani na njiani, liko moja ambalo aliyetukanwa hana namna ya kulijibu. Mtu akiitwa mvivu, aweza kufanya kazi kwa bidii hata aliyemwita hivyo akaona haya. Akiitwa mjinga, aweza kusoma. Akiitwa mwoga, aweza kusimama imara siku ya hatari. Lakini akiitwa mwanaharamu atafanya nini? Tusi hilo halimtaji yeye hata kidogo. Lataja tendo lililotendeka kabla yeye hajazaliwa, mahali asipokuwapo, kwa shauri asiloulizwa. Wala neno hilo halikuanza kuwa tusi tu. Lilianza kuwa neno la sheria, na mataifa mengi ya kale yalikuwa na neno lao la namna hiyo, la kumtia alama mtoto aliyezaliwa katika muungano uliokatazwa.

Katika insha hii nataka tuitazame sheria moja ya kale juu ya watoto hao, nayo ni sheria ya Wayahudi. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, imo katika Agano la Kale, kitabu kisomwacho na watu wengi wa nchi yetu, ingawa wengi huipita aya yake bila kuifikiri. Pili, wenyewe waliopewa sheria hiyo hawakuipokea kwa kunyamaza. Waliijadili kwa muda wa karne nyingi, wakaandika hoja zao, wakapingana, na maandishi yao yapo hata leo. Basi tukiuliza kama sheria ilikuwa ya haki, hatutakuwa watu wa leo tunaowahukumu watu wa zamani kwa mizani wasiyoijua. Tutauliza swali waliloliuliza wao wenyewe.

Sheria yenyewe ni fupi. Imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, nayo yasema kwamba mtoto wa namna fulani asiingie katika mkutano wa Bwana, wala kizazi chake cha kumi kisiingie. Neno la Kiebrania linalotumika hapo ni mamzeri. Neno hilo laonekana mara mbili tu katika Biblia yote ya Kiebrania: mara moja hapo, na mara nyingine katika kitabu cha Zakaria, sura ya 9. Na ajabu ni kwamba Torati haikueleza popote mamzeri ni nani hasa. Imetoa adhabu, isimtaje kwa wazi mwenye kuadhibiwa. Kazi hiyo iliachiwa wanasheria waliokuja baadaye, nao ndio wanaoitwa marabi.

Marabi walikusanya hukumu zao katika kitabu kiitwacho Mishna, kilichotungwa kama mwaka 200 baada ya Kristo. Humo twasoma kwamba walikuwapo watu wa rai tatu. Rabi Akiva alipanua sana maana ya neno: kila mtoto wa ndugu waliokatazwa kuoana, kwa katazo lolote la namna hiyo, alikuwa mamzeri. Rabi Yoshua aliipunguza sana: awe tu mtoto wa muungano ambao adhabu yake mbele ya mahakama ilikuwa kifo. Shimoni wa Temani alishika njia ya katikati: awe mtoto wa muungano ambao adhabu yake ilikuwa kukatiliwa mbali na mkono wa Mungu. Rai hii ya katikati ndiyo iliyokubaliwa. Kwa maneno mepesi, mamzeri alikuwa mtoto aliyezaliwa na mke wa mtu kwa mwanamume asiye mumewe, au mtoto aliyezaliwa na watu wa damu moja ya karibu, kama kaka na dada.

Hapa msomaji na aangalie jambo moja. Mtoto wa mwanamke asiyeolewa hakuwa mamzeri katika sheria hiyo. Hata mtoto wa mwanamume mwenye mke aliyemzaa na mwanamke asiye na mume hakuwa mamzeri, kwa kuwa mwanamume wa zamani zile aliruhusiwa kuoa zaidi ya mke mmoja. Uzito wote wa sheria ulikuwa juu ya ndoa ya mwanamke. Kosa la mume nje ya nyumba halikumtia mtoto alama, lakini kosa la mke lilimtia. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba sheria hii haikupima makosa ya wazazi kwa kipimo kimoja.

Je, mamzeri alinyimwa nini? Marabi walifasiri kuingia katika mkutano kuwa ni kuoa au kuolewa na Wayahudi wengine. Basi hakuzuiwa kusali, wala hakuzuiwa kusoma Torati. Mishna yamhesabu kuwa mwana wa baba yake kwa mambo yote: ana haki ya kurithi, na akimpiga au kumlaani baba yake ana hatia kama mwana mwingine yeyote. Zaidi ya hayo, Mishna yasema kwamba mamzeri mwenye elimu hutangulizwa kwa heshima mbele ya kuhani mkuu asiye na elimu. Katika taifa lililowaheshimu makuhani kwa sababu ya ukoo wao, hilo si neno dogo.

Lakini katika jambo la ndoa mlango ulifungwa kabisa. Mamzeri aliweza kuoa mamzeri mwenziwe, au mgeni aliyeingia katika dini. Hata hivyo watoto wake walikuwa mamzeri kama yeye, na wajukuu wake vilevile. Maneno ya kizazi cha kumi hayakuchukuliwa kuwa hesabu yenye mwisho, bali yalichukuliwa kuwa na maana ya milele. Na mtu asiyeweza kuoa nyumba za jirani zake ni mgeni katika mji wake mwenyewe. Atakaribishwa kusali, ataombwa ushauri, atapewa na salamu sokoni. Lakini siku ya kupeleka posa, kila mlango utafungwa.

Ili tuone ukali wa sheria hii, na tuitazame kesi moja iliyomo katika Mishna. Mume wa mwanamke amesafiri ng'ambo ya bahari. Siku zapita, kisha watu waja kumwambia mkewe kwamba mumewe amekufa. Mke aomboleza, halafu aolewa na mtu mwingine, naye amzalia mtoto. Baadaye yule mume wa kwanza atokea, mzima. Hukumu ni nini? Mwanamke lazima aachane na wanaume wote wawili, na mtoto aliyemzaa kwa yule wa pili ni mamzeri. Hapana mtu aliyezini kwa kupenda. Hapana aliyedanganya, labda yule mleta habari tu. Mwanamke aliamini kwamba yu mjane. Mume wa pili aliamini kwamba aoa mjane. Na mtoto hakuamini neno lolote, maana hakuwako. Walakini yeye ndiye aliyechukua mzigo mrefu kuliko wote, mzigo ambao wajukuu wa wajukuu wake wangeuchukua pia.

Kwa nini watu wenye akili na kumcha Mungu waliishika sheria kama hiyo? Haifai tuwadhanie kuwa walikuwa na mioyo ya mawe. Ziko sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni ukoo. Katika Israeli ya kale, ardhi, ukuhani, na mahali pa mtu katika kabila vilifuata ukoo. Ukoo usipojulikana, kila kitu kiliyumba, na ndugu waliweza kuuana kwa shamba. Basi ndoa ilizungushiwa ukuta. Ya pili ni hofu ya adhabu. Mwanachuoni mkubwa Maimonides, aliyefariki mwaka 1204 nchini Misri, aliieleza sababu hii katika kitabu chake cha falsafa alichokiandika kwa lugha ya Kiarabu. Alisema kwamba mtoto amewekewa alama ili mzinzi na mwenzake wajue kwamba tendo lao litaudhuru uzao wao kwa namna isiyoponyeka. Mtu ambaye haogopi kwa nafsi yake, huenda akaogopa kwa ajili ya mtoto wake.

Hoja hiyo ina nguvu, maana ni kweli kwamba wazazi huogopa kwa ajili ya watoto. Lakini tuitazame vizuri. Yakiri kwamba mtoto haadhibiwi kwa kuwa ana kosa. Aadhibiwa ili watu wengine waogope. Mtoto amefanywa kuwa ua wa miiba wa kulinda shamba ambalo si lake. Na zaidi ya hayo, hoja hiyo haiwezi kabisa kuitetea ile kesi ya mume aliyesafiri, maana mwanamke yule hakujua kwamba yumo katika kosa. Hofu itamzuiaje mtu asitende asilolijua?

Tena liko jambo kubwa zaidi. Sheria hii ilipingana na sheria nyingine iliyo karibu nayo mno. Katika kitabu kilekile cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imeamriwa kwamba baba wasiuawe kwa ajili ya watoto, wala watoto kwa ajili ya baba zao, bali kila mtu kwa dhambi yake mwenyewe. Hiyo haikuwa amri ya maneno matupu. Kitabu cha pili cha Wafalme chasimulia kwamba Mfalme Amazia wa Yuda aliwaua watumishi waliomwua baba yake, lakini watoto wao akawaacha hai kwa kuifuata amri hiyo. Katika ulimwengu wa siku zile, ambamo mfalme mpya alizoea kufagia jamaa nzima ya adui zake, lilikuwa tendo la kustaajabisha.

Baadaye nabii Ezekieli, aliyekuwa uhamishoni Babeli katika karne ya 6 kabla ya Kristo, aliieneza kanuni hiyo hata ikawa fundisho. Watu waliokuwa uhamishoni pamoja naye walikuwa na mithali yao: baba walikula zabibu mbichi, na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Walikuwa wakilalamika kwamba wanateswa kwa makosa ya wazee wao. Ezekieli, katika sura ya 18, aliikataza mithali hiyo. Alifundisha kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba, wala baba hatauchukua uovu wa mwana.

Watetezi wa sheria ya mamzeri walijaribu kuzipatanisha sheria hizi mbili. Walisema kwamba sura ya 24 yahusu hukumu ya mahakama, na kule kuwa mamzeri si hukumu bali ni hali tu, kama vile mtu anavyozaliwa kuhani au kutokuzaliwa kuhani. Mwanafunzi wa sheria ataiona tofauti hiyo. Lakini kijana anayekataliwa posa yake hataiona. Kwake yeye, kunyimwa mke kwa ajili ya tendo la mama yake ni adhabu, hata ikipewa jina gani. Sheria haipimwi kwa jina ililopewa na waandishi wake tu. Hupimwa pia kwa yale inayoyafanya katika maisha ya mtu.

Aidha, historia ya Israeli yenyewe ilikuwa shahidi mgumu dhidi ya sheria hii. Baba yake Musa, yaani Amramu, alimwoa Yokebedi, aliyekuwa shangazi yake. Na ndoa ya mtu na shangazi yake imekatazwa katika Mambo ya Walawi, sura ya 18. Yuda naye alimzaa Peresi kwa Tamari, aliyekuwa mke wa mwanawe, na muungano wa namna hiyo umekatazwa katika sura iyo hiyo. Kitabu cha Ruthu chamalizia kwa kutaja uzao wa Peresi: Peresi, Hesroni, Ramu, na wengine, mpaka Boazi, Obedi, Yese, na Daudi. Ukiyahesabu majina hayo utayapata kumi kamili. Mtu wa kizazi cha kumi, tukianza na Peresi, ndiye mfalme mkuu kuliko wafalme wote wa Israeli. Marabi waliweza kujibu kwamba mambo ya Amramu na Yuda yalitukia kabla Torati haijatolewa mlimani Sinai, na jibu hilo ni sahihi kwa sheria. Lakini swali labaki: kama damu ya mtoto wa muungano kama huo haikumharibu Musa wala Daudi, ni kitu gani katika damu ya wengine kiliwastahilisha kukataliwa?

Marabi waliuona ugumu huu. Kuifuta sheria iliyoandikwa katika Torati hawakuthubutu, kwa kuwa waliiamini kuwa neno la Mungu. Basi wakashika njia nyingine: waliifanya iwe vigumu sana kumthibitisha mtu kuwa mamzeri. Waliweka kanuni kwamba mke wa mtu, hata akisemwa vibaya mji mzima, watoto wake huhesabiwa kuwa wa mumewe. Waswahili wana methali isemayo, kitanda hakizai haramu. Nayo yaeleza kanuni hiyohiyo kwa maneno matatu. Sheria ya Kiislamu pia yamhesabu mtoto kuwa wa mwenye kitanda, na katika makabila mengi ya bara mtoto aliyezaliwa na mke aliyetolewa mahari alikuwa wa mwenye kutoa mahari. Watu walio mbali sana waliiona hekima ile ile, kwamba amani ya mtoto ina thamani kuliko udadisi wa majirani.

Marabi walikwenda mbali zaidi. Talmudi ya Babeli yasimulia juu ya mwanamke aliyejifungua mumewe akiwa amekaa ng'ambo miezi 12. Rabi mmoja, jina lake Raba Tosfaa, alihukumu kwamba mtoto ni halali, akisema kwamba mimba yaweza kukawia tumboni muda huo wote. Mganga wa leo atacheka akisikia hesabu hiyo. Lakini sidhani kwamba hakimu alikuwa akifundisha uganga. Alikuwa akitafuta mlango wa kumtoa mtoto.

Kadhalika na mtoto aliyeokotwa njiani. Kwa kuwa wazazi wake hawakujulikana, sheria ilimshuku asije akawa mamzeri. Lakini Talmudi yataja dalili nyingi za kumwondolea shaka. Akikutwa ametahiriwa, au amepakwa mafuta, au amevishwa hirizi, au amewekwa karibu na nyumba ya sala wapitapo watu wengi, asishukiwe. Hoja yao ni nzuri: wazazi waliojali hivyo uhai wa mtoto hawakumtupa kwa aibu. Na katika miaka ya njaa, mtoto aliyetupwa hakushukiwa, maana ilijulikana kwamba njaa ndiyo iliyomtupa. Tena walifundisha kwamba ukoo uliokwisha kuchanganyika na watu wengine uachwe hivyo hivyo, pasiwe mtu wa kwenda kufukua habari zake.

Rabi Tarfoni alitafuta njia hata kwa mamzeri aliyejulikana. Alisema kwamba mamzeri na amwoe mjakazi. Mtoto wao angezaliwa mtumwa, kwa kuwa alifuata hali ya mama. Kisha angeachwa huru, na akiwa huru alama ya baba isingekuwa juu yake. Hila hii ilikubaliwa katika sheria. Lakini tazama gharama yake! Ili mtoto apate kuwa mtu kamili mbele ya watu, ilimlazimu kwanza kuzaliwa mtumwa. Na mamzeri mwanamke hakupata njia hiyo, maana watoto wake walimfuata yeye.

Basi hapo ndipo tuonapo kiini cha jambo. Huruma ya marabi ilikuwa kubwa na ya kweli, lakini ilipitia mlango mmoja tu, nao ni mlango wa shaka. Palipokuwa na shaka, mtoto aliokoka. Palipokuwa na ushahidi usiokanika, hakuokoka. Lakini je, mtoto ambaye habari zake zajulikana ana kosa zaidi ya yule ambaye habari zake zimefichika? Hana. Wote wawili ni sawa, isipokuwa mmoja alikuwa na mashahidi wengi. Huruma inayotegemea kufichika kwa ukweli humwacha nje yule ambaye ukweli wake umekwisha kutangazwa, naye ndiye mwenye kuhitaji huruma kuliko wote.

Mtu mmoja wa zamani zile alilisema jambo hili wazi. Katika kitabu cha mafundisho juu ya Mambo ya Walawi, kilichokusanywa kama karne ya 5, limehifadhiwa fundisho la mtu aitwaye Danieli, mshona nguo. Danieli alilichukua lile neno la Mhubiri, sura ya 4, juu ya machozi ya walioonewa ambao hawana mfariji, akasema kwamba walioonewa ni hawa mamzeri. Wazazi walitenda dhambi, akauliza, lakini hawa maskini wanahusikaje nayo? Na waonevu ni nani? Hakusema kwamba ni wafalme au wanyang'anyi. Alisema kwamba ni Baraza Kuu la Israeli, linalowajia watoto hao kwa nguvu ya Torati na kuwasukuma mbali. Kisha akaongeza kwamba, kwa kuwa hawana mfariji, Mungu mwenyewe atakuwa mfariji wao katika ulimwengu ujao.

Ni maneno ya ushujaa. Mshona nguo aliwaambia mahakimu wa dini yake kwamba wao ndio waonevu, na kwamba Mungu yuko upande wa wale waliofukuzwa kwa jina lake. Na maneno hayo hayakuchomwa moto. Marabi wenyewe waliyaandika na kuyahifadhi, wakayasoma na watoto wao. Hii ni sifa kwao. Lakini Danieli pia aliiachia mbingu kazi ya kuwafariji. Duniani sheria ilibaki palepale.

Isidhaniwe kwamba Wayahudi peke yao walikuwa na mzigo huu. Mwaka 539 Justiniano, Kaisari wa Rumi ya Mashariki, ambaye alikuwa Mkristo, alitoa sheria kwamba mtoto wa muungano wa ndugu wa damu asipewe hata chakula na wazazi wake. Wakati ambapo sheria ya Wayahudi ilimpa mamzeri urithi kamili. Kanisa la Roma lilimzuia mtoto wa nje ya ndoa asiwe padre bila idhini maalumu, na zuio hilo halikuondoka katika sheria zake ila mwaka 1983. Uingereza, mpaka mwaka 1926, wazazi waliooana baada ya mtoto kuzaliwa hawakuweza kumfanya mtoto huyo kuwa halali; na mtoto wa uzinzi alingoja mpaka mwaka 1959. Katika Uislamu, Kurani yafundisha kwamba mwenye kubeba hatabeba mzigo wa mwingine. Hata hivyo wanasheria wa madhehebu ya Sunni hawakumpa mtoto wa zinaa nasaba ya baba, bali walimrithisha upande wa mama tu. Kila umma ulikuwa na maneno mazuri juu ya haki ya kila nafsi, na kila umma ulisitasita ulipofika mlangoni pa mtoto huyu.

Wala mambo haya si ya kale tu. Katika dola ya Israeli, sheria ya mwaka 1953 iliweka ndoa na talaka za Wayahudi chini ya mahakama za marabi, na mpaka leo haipo ndoa ya serikali nchini humo. Mwaka 1972 nchi nzima ilitikisika kwa habari za askari wawili, kaka na dada, waliokatazwa kuoa na kuolewa kwa kuwa mama yao aliolewa na baba yao bila kupata talaka ya mume wake wa kwanza. Rabi Mkuu Shlomo Goren aliamua kwamba yule mume wa kwanza, aliyekuwa mgeni aliyeingia dini, hakuwa ameingia kwa kweli. Basi ndoa yake haikuwa ndoa, na watoto wakawa huru. Wengine walimshangilia, wengine wakamshutumu vikali. Tazama, msomaji, njia aliyoipita: ni ile ile ya rabi wa miezi 12. Aliutafuta mlango wa shaka, akaupata. Mwaka 2000 marabi wa madhehebu ya Konsavativu nchini Marekani walikata shauri kutopokea kabisa ushahidi wa kumthibitisha mtu kuwa mamzeri. Hata wao hawakuifuta sheria. Waliufungulia tu mlango ule watu wote.

Nchini kwetu Kenya swali hili lilikuja kwa sura nyingine. Mwaka 1959 iliwekwa sheria ya kumwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto gharama za malezi. Mwaka 1969 Bunge liliifuta. Waliobishana walisema sana juu ya wanaume na wanawake, na aliyetajwa kidogo alikuwa mtoto, ambaye chakula chake ndicho kilichokuwa kikijadiliwa. Ilipita miaka mingi kabla Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, haijasema kwamba kila mtoto ana haki ya kutunzwa na mama na baba kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Hapo sheria ilianza na mtoto, si na kitanda cha wazazi.

Sasa na tutoe hukumu yetu. Je, sheria ya kale ilikuwa ya haki? Kwa ndoa ilikuwa ngome, na ndoa yahitaji ngome. Kwa mtoto haikuwa ya haki. Hatusemi hivyo kwa kuwa sisi ni watu wa leo na wao ni watu wa jana. Twasema hivyo kwa kuwa Ezekieli alisema kila nafsi itachukua dhambi yake, kwa kuwa Amazia aliwaacha hai wana wa wauaji, na kwa kuwa Danieli mshona nguo aliyaona machozi na kuyataja machozi ya nani. Mizani iliyoipima sheria hiyo ilitengenezwa katika nyumba yake mwenyewe.

Nasi wanafunzi tutapata nini katika habari hizi? Tutapata kwamba mahakimu wema waweza kuipunguza sheria mbaya kwa muda mrefu sana bila kuiondoa, na kwamba katika muda huo wote wapo watu walio nje, wakingoja. Tena tutapata jambo lililo karibu nasi zaidi. Serikali yaweza kulifuta neno katika vitabu vyake kwa siku moja, lakini haiwezi kulifuta vinywani. Katiba haimo uwanjani wakati kijana anapomtupia mwenziwe lile tusi lisilojibika. Mle uwanjani, mahakama ni sisi. Na siku hiyo itakapotukia, kila mmoja wetu atakuwa ama katika lile baraza lililowasukuma watoto mbali, ama pamoja na yule mshona nguo.